Ipigie Hesabu Mvua Kabla Hujapaua

Kama kamati yenu ya ujenzi imefika kwenye linta na hela ya bati bado iko benki, huu ndio wakati wa kuzungumzia kelele ya mvua. Mkishapaua, kila dawa ni ghali. Mkiwa bado na mchoro mezani, kelele hiyo inaweza kupigiwa hesabu kwenye kompyuta na mkajua, kwa ukaribu unaotosha kufanya uamuzi, kama mwalimu atasikika au hatasikika. Mimi huchora majengo Mtwara na Lindi, mengi yakiwa madarasa na zahanati, na hesabu hii siku hizi siiachi nje ya kazi yoyote ya paa. Nitaeleza inavyofanyika, inataka taarifa gani kutoka kwenu, na ni wapi jibu la kompyuta lisichukuliwe kama lilivyo.

Huku kwetu jambo hili si dogo. Mikoa ya kusini ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miaka mingine hadi Mei. Shule zinafunguliwa Januari. Maana yake sehemu kubwa ya muhula wa kwanza inaangukia kwenye mvua. Wanaoumia zaidi ni watoto wa kidato cha kwanza: wametoka kufundishwa kwa Kiswahili, sasa karibu kila somo ni Kiingereza, na wanaanza kuizoea lugha hiyo ya darasani katika miezi ileile ambayo bati linapigwa kuliko miezi mingine yote. Neno la Kiingereza usilolijua, ukilisikia nusu, hulipati kabisa.

Nimewahi kukaa dawati la nyuma katika shule moja njia ya kwenda Newala, mvua ikaanza katikati ya kipindi. Mwalimu alikuwa akisoma kifungu cha ufahamu. Akapandisha sauti. Akaacha meza yake, akasogea katikati ya madawati, akawa anageuka huku na huku ili kila upande upate chochote. Baada ya dakika chache mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. Kisha akafunga kitabu, akachukua chaki, akaandika ubaoni namba za maswali na kuketi. Hakuna aliyeshangaa. Msichana niliyekaa naye alikuwa ameshafungua daftari la Hisabati tangu matone ya kwanza, kwa sababu alijua kipindi kinavyokwisha mvua ikija. Darasa lile lilijengwa kwa michango ya wazazi, kuta zake zimenyooka, sakafu yake haina ufa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali moja kabla ya kupaua.

Tuanze na namba, maana bila namba tutabaki kubishana. Mtu anayeongea kawaida, ukiwa mita moja mbele yake, sauti yake ni kama desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Akipaza kidogo inafika 66, akipaza sana 72, na kwenye 78 yuko karibu na kupiga kelele. Ili maneno yaeleweke vizuri, hasa kwa mtoto na kwa lugha asiyoizoea, sauti ya mwalimu inatakiwa ipite kelele za chumba kwa desibeli 15 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele za darasani wakati wa masomo zisizidi desibeli 35. Paa la bati kwenye mvua kubwa halitakupa 35, wala sipotezi muda kulitafuta hilo. Ninacholenga ni kelele ya mvua kubwa ibaki kati ya 55 na 60 ndani ya darasa, ili mwalimu akipaza sauti kwa dakika kumi na tano za mvua, kipindi kiendelee. Bati tupu juu ya chumba tupu hupita hapo kwa mbali sana.

Kumbuka tu kwamba desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Ukiongeza desibeli 3, nguvu ya sauti imekuwa mara mbili. Ukiongeza 10, nguvu ni mara kumi, na sikio husikia kama kelele imekuwa mara mbili. Kwa hiyo mtu akikuambia kitu chake kinapunguza desibeli 2, mshukuru, lakini usimlipe kwa hilo peke yake.

Tone moja na mengine elfu

Kelele inaanzia kwenye tone. Tone la milimita 5 lina uzito wa miligramu 65 hivi, wakati la milimita 2 lina miligramu 4 tu. Tone kubwa pia huanguka kwa kasi zaidi: la milimita 5 hufikia karibu mita 9 kwa sekunde, la milimita 1 ni kama mita 4. Ndiyo maana manyunyu ya asubuhi nzima hayamsumbui mtu, na mvua ya dakika ishirini inasimamisha shule.

Maabara zina utaratibu wake wa kupima jambo hili. Ulitoka kama kiwango cha kimataifa ISO 140-18 mwaka 2006, na baadaye ukaingizwa kwenye mfululizo wa ISO 10140. Kipande cha paa kinawekwa juu ya chumba maalumu, kinamwagiwa mvua bandia, na sauti inayoshuka chini inapimwa. Mvua zenyewe zimepangwa kwa madaraja. Daraja moja ni milimita 15 kwa saa, matone ya milimita 2, yakianguka kwa mita 4 kwa sekunde. Daraja la juu yake, linaloitwa mvua kubwa, ni milimita 40 kwa saa, matone ya milimita 5, kwa mita 7 kwa sekunde. Ukipiga hesabu utaona jambo la ajabu: ile ya kwanza inaangusha karibu matone 1,000 kila sekunde kwenye kila mita mraba, na hii kubwa inaangusha 170 tu. Hata hivyo kubwa ndiyo yenye kelele, tena si kidogo. Ukihesabu msukumo wa kila tone, tofauti inakaribia desibeli 20. Ukubwa wa tone unashinda wingi wake.

Programu ninayoitumia zaidi inaitwa INSUL. Imetengenezwa na Marshall Day Acoustics wa New Zealand. Inachukua mvua za madaraja hayo, inapiga hesabu ya nguvu ambayo matone yanaingiza kwenye bati, kiasi gani cha mtikisiko kinageuka kuwa sauti upande wa chini, na kiasi gani kinavuka nafasi ya juu ya dari hadi chumbani. Jibu linatoka kwa kila masafa, kuanzia mngurumo wa chini hadi mlio mkali wa juu, kisha linajumlishwa. Inalipiwa leseni, na kamati ya shule haina sababu ya kuinunua. Mtafuteni mbunifu majengo au mtaalamu wa sauti aliye nayo. Kazi yenu ni kumpa taarifa za kweli, na hapo ndipo mambo mengi yanapoharibika.

Mpe kompyuta paa lenu lenyewe

Taarifa ya kwanza ni unene wa bati. Dukani tunauziwa kwa geji, 32, 30, 28, na wote tunajua namba ikipungua bati linanenepa. Lakini kompyuta inataka milimita, na geji ya duka hili si lazima ifanane na ya duka lile. Usibahatishe. Chukua kipande, kikunjue kiwe bapa, pima urefu na upana upate eneo lake, kisha kiweke kwenye mizani. Gawanya kilo kwa mita mraba, halafu gawanya tena kwa 7.85. Kipande chenye kilo 2.4 kwa kila mita mraba ni bati la milimita 0.3. Bati lenye rangi litakudanganya kidogo kwa sababu ya uzito wa rangi, lakini si kwa kiasi cha kuharibu hesabu. Ni kazi ya robo saa, na nimeona inavyobadilisha mazungumzo na muuzaji pale pale dukani.

Ya pili ni umbo. Bati bapa jembamba si mtoaji mzuri wa sauti. Bapa la milimita 0.4 linaanza kutoa sauti kwa ukamilifu kwenye masafa ya hertz 30,000 hivi, yaani mitikisiko 30,000 kwa sekunde, juu ya uwezo wa sikio la binadamu. Migongo inabadilisha hayo. Inalifanya bati kuwa gumu kwa upande mmoja, na ugumu huo unalipa uwezo wa kurusha sauti chini katika masafa mengi tunayoyasikia. Kwa hiyo anayepiga hesabu kwa kuchagua bati bapa kwenye orodha, huku nyie mnaezeka la migongo, atawapa jibu zuri kuliko ukweli. Muulizeni wazi: umeingiza bati la migongo au bapa?

Ya tatu ni kitu ambacho kompyuta haiwezi kukiona kabisa, nacho ni ufungaji. Programu inachukulia bati limebanwa vizuri kwenye papi, zile mbao linapopigiliwa. Huku pwani chumvi ya bahari inakula misumari na skrubu. Nenda Shangani au Mikindani ukaangalie mapaa ya karibu na maji. Skrubu ikilegea, bati linagonga papi, na sehemu mabati mawili yanapopandana panaanza kuchachatika. Kelele hiyo haimo kwenye hesabu yoyote. Skrubu zenye mpira na zilizopakwa vizuri dhidi ya kutu ni sehemu ya kazi ya sauti, kama zilivyo sehemu ya kazi ya upepo. Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita kwenye pwani yetu. Bati lililobanwa vizuri lina kazi zaidi ya moja.

Sasa niseme kuhusu ushauri ambao karibu kila fundi atawapa. Tukiwa juu ya ukuta siku moja, fundi wa paa, mtu mzima na mjuzi kwelikweli wa kazi yake, aliniambia, "Mhandisi, weka geji 28, mambo yamekwisha." Nikamwambia, "Fundi wangu, litakaa miaka mingi zaidi na halitapinda ukikanyaga, hapo nakuunga mkono. Lakini kwenye kelele litatupa desibeli mbili au tatu." Ndivyo ilivyo. Kutoka milimita 0.3 kwenda 0.4, ongezeko la uzito linatoa desibeli 2.5 hivi. Nunueni bati nene kwa sababu ya kudumu. Fedha ya kelele ipelekeni kwingine.

Kosa jingine la fedha ni paneli za povu gumu kati ya mabati mawili. Zinazuia joto vizuri na kwa joto la Mtwara nazielewa sana. Lakini povu hilo ni jepesi na gumu, linapitisha mtikisiko kutoka bati la juu kwenda la chini, na bati la chini linautoa kama sauti. Niliingia ukumbi mmoja wa mikutano uliopauliwa hivyo, wenyewe wakiamini wamemaliza tatizo la mvua pia. Mvua ilipokuja mkutano ulisimama kama ungesimama chini ya bati la kawaida. Kinachozuia joto si lazima kizuie sauti, na mtu akikuuzia kimoja kwa jina la kingine, mwombe vipimo vya mvua vya maabara vya bidhaa hiyo.

Dari ndiyo yenye kazi

Kati ya vyote unavyoweza kuongeza, dari nzito iliyo mbali na bati na isiyo na matundu ndiyo inayobeba kazi. Kila neno hapo lina hesabu yake.

Nzito kwanza. Plaiwudi ya milimita 3 ina kilo kama 1.8 kwa mita mraba, nyepesi kuliko hata bati lenyewe. Jipsamu ya milimita 12.5 ina kilo 9 hivi. Kila uzito ukiongezeka mara mbili unapata kama desibeli 6 za ziada katika masafa ya kati, kwa hiyo kutoka plaiwudi kwenda jipsamu ni hatua kubwa, kubwa kuliko chochote mtakachofanya kwenye bati.

Mbali na bati. Hewa iliyobanwa kati ya bati na dari hufanya kazi kama godoro la springi: kuna masafa fulani ambapo bati na dari vinacheza pamoja, na kwenye masafa hayo dari haisaidii, pengine inaongeza. Bati la milimita 0.3 na jipsamu ya 12.5 vikiachana sentimita 10 tu, masafa hayo ni karibu hertz 140, ndani kabisa ya mngurumo wa mvua na ndani ya sauti ya mwanaume anayeongea. Plaiwudi kwa umbali huohuo inakupeleka karibu 190, na hiyo ni mbaya zaidi. Lakini dari ikikaa mlalo chini ya kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, nafasi ya wastani ikiwa sentimita 60, jipsamu ileile inashuka chini ya hertz 60, na kuanzia hapo kwenda juu kelele inapungua haraka. Siku hizi watu wanapenda dari inayofuata mteremko wa paa, imepigiliwa chini ya papi, kwa sababu inapendeza na chumba kinaonekana kikubwa. Sebuleni kwako fanya upendavyo. Darasani, wodini na mahakamani naikataa, na nikikataa huonyesha grafu mbili ubavuni kwa ubavu, ya mteremko na ya mlalo. Sijawahi kuhitaji maneno mengi baada ya hapo.

Bila matundu. Dari ya darasa la mita 9 kwa 7 ina mita mraba 63. Mlango wa kupandia darini wa sentimita 80 kwa 80 ukiachwa wazi, hiyo ni asilimia moja ya dari. Hesabu ya asilimia moja ni ya kikatili: dari hiyo haiwezi tena kupunguza zaidi ya desibeli 20, hata ungeijenga kwa zege. Na mara nyingi tundu si mlango. Ni pale juu ya ukuta, kati ya tofali la mwisho na bati, ambapo fundi hakujaza kwa sababu "dari itaficha". Ni matundu ya nyaya za taa. Ni pembe ambazo jipsamu haikufika ukutani ikafunikwa na kona ya urembo. Kompyuta inachora dari kamilifu. Fundi asipoelezwa, atajenga dari yenye tundu, na tofauti ya desibeli 10 kati ya jibu na ukweli mtaikuta hapo.

Najua mtakachosema: ukiziba, joto litatuua. Mna haki. Jibu langu ni kutenganisha hewa ya darini na hewa ya chumba. Nafasi ya juu ya dari ipate hewa yake kupitia tofali za matundu kwenye kuta za pembetatu za ncha zote mbili, joto la bati litoke huko huko. Chumba kipate hewa kupitia madirisha makubwa ya pande mbili zinazotazamana. Dari ibaki imefungwa. Kwa kufanya hivyo mnapoa na mnasikilizana.

Juu ya dari unaweza kutandaza pamba ya glasi. Hainyamazishi bati, ila inameza sauti inayozunguka katika ile nafasi. Senti zikiwa chache, anzeni na jipsamu, pamba itafuata. Nimeulizwa mara nyingi kuhusu makumbi ya nazi, maana huku tunayo ya kumwaga. Nyuzi zake zinanyonya sauti kweli. Lakini makavu yanashika moto na yanakaribisha wadudu, na mimi sitaweka kitu hicho juu ya vichwa vya watoto pamoja na nyaya za umeme, labda yawe yametiwa dawa ya kuzuia moto na mtu anayejua kazi hiyo.

Kabla hamjakimbilia jipsamu, pigeni hesabu ya mzigo. Mita mraba 63 kwa kilo 9 ni kilo 567 zinazoning'inia kwenye kenchi, bila mbao za kushikia. Tabaka mbili zinapita tani moja. Kenchi zilizochorwa kwa bati peke yake hazikuandaliwa kwa hilo. Mhandisi azipitie kwanza, na mbao ziwe zimetiwa dawa ya mchwa.

Chumba nacho kina neno lake

Sauti ikishapenya dari, chumba ndicho kinachoamua itakaa kwa kiasi gani. Programu itauliza ukubwa wa chumba na muda wa mwangwi, yaani sekunde ngapi sauti inachukua kufifia. Darasa letu la mita 9 kwa 7, urefu wa mita 3, sakafu ya saruji na kuta za plasta, likiwa tupu mwangwi unaweza kukaa sekunde 2. Kwa kanuni ambayo Wallace Sabine aliipata katika chuo cha Harvard mwishoni mwa karne ya 19, chumba hicho kinaongeza desibeli 12 juu ya kiwango cha sauti inayotoka kwenye kila mita mraba ya dari. Ukiushusha mwangwi hadi sekunde 0.8, nyongeza inakuwa 8. Umeokoa desibeli 4 bila kugusa paa, na zaidi ya hapo maneno ya mwalimu yenyewe yanakuwa safi hata siku ya jua.

Mbao laini za kubandikia kazi za wanafunzi kwenye ukuta wa nyuma zinasaidia. Mkeka ukutani unapendeza tu, kwa sauti ni mwembamba mno. Wanafunzi wenyewe wanameza sauti, ndiyo maana darasa lililojaa halina mwangwi kama tupu. Jihadharini na bodi za dari zenye vitundu vidogo zinazouzwa kwa ajili ya mwangwi: mwangwi zinaushusha, lakini kelele ya mvua inapita humohumo kwenye vitundu. Zikitumika, ziwe chini ya jipsamu nzima, zisichukue nafasi yake.

Jibu likitoka, lisomeni hivi

Watengenezaji wa INSUL wanasema kwa kuta na sakafu nyingi jibu lao huwa ndani ya desibeli 3 za kipimo. Kwa mvua mimi huacha nafasi kubwa zaidi, kwa sababu mvua yenyewe haifuati maabara. Matone ya maabara yote ni makubwa, ya mawinguni huchanganyika, hivyo kwa milimita zilezile 40 mvua bandia huwa na kelele zaidi ya mvua ya kweli. Kwa upande wa pili, mvua zetu za msimu zinaweza kupita milimita 40 kwa saa kwa dakika kadhaa. Jedwali la madaraja lina hata mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa saa. Kutoka 40 hadi 100, matone yakiwa yaleyale, ongeza desibeli 4.

Kwa hiyo sipendi kamati ichukue namba moja na kuitundika ukutani. Muombeni mtaalamu awape mapaa matatu au manne kwa mvua ileile na chumba kilekile: bati tupu, bati na plaiwudi, bati na jipsamu ya mlalo, bati na jipsamu pamoja na pamba. Tofauti kati ya moja na jingine ndiyo taarifa ya kuaminika, na pembeni ya kila moja aandike gharama. Mwenyekiti wa kijiji asiyejua hertz ni nini atasoma ukurasa huo na kuuliza maswali ya maana. Nimeliona hilo likitokea, na paa lililochaguliwa halikuwa la ghali zaidi.

Wapo wanaoniambia jibu rahisi ni kurudi kwenye makuti. Chini ya makuti mvua kweli ina utulivu, kwa sababu tone linatua kwenye kitu laini. Lakini nenda uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, uone mabati yanavyojaza matangi katika nchi ambayo maji yako mbali na chini sana. Hakuna mzazi pale atakayebadilisha maji ya bati kwa utulivu wa makuti, na sina sababu ya kumwomba. Bati libaki. Chini yake ndipo pa kufanyia kazi.

Mkishajenga, pimeni, na vifaa mnavyo. Chukueni kopo lenye kuta zilizonyooka, liwekeni uwanjani mbali na gata na miti, na rula ndani yake. Mvua ikileta milimita 10 ndani ya dakika 15, hiyo ni milimita 40 kwa saa, daraja lilelile la kwenye kompyuta. Wakati huohuo mtu akae katikati ya darasa tupu, madirisha yamefungwa, na simu yenye programu ya kupima desibeli, aandike kila dakika. Simu haitakupa namba ya kwenda nayo mahakamani, lakini simu ileile ikitumika kwenye darasa lenye dari na lile lisilo nayo, katika mvua moja, tofauti itakayoonyesha ni ya kutegemewa. Mkikuta dari imepunguza kidogo kuliko grafu ilivyosema, kabla ya kuilaumu programu pandeni darini mchana wa jua, zimeni tochi, mtafute mahali mwanga wa chumbani unapochungulia.